Ulezi wa Mbuya Mavhunga

Kila asubuhi Chenesai alichota maji, akafagia uwanja, akanywa uji wake uliotiwa siagi ya karanga, kisha akaenda shule ameshika viatu mkononi ili visiingie tope. Alikuwa darasa la sita. Mvivu hakuwa, na hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Kasoro aliyolalamikiwa ilikuwa kimbelembele.

"Huyu ukimwambia kesho tunavuna, leo ameshavuna," mama yake alizoea kusema. "Tena shamba la mtu mwingine."

Ijumaa moja ya mwezi wa Januari, Mwalimu Zvarevashe aliandika neno moja la Kiingereza ubaoni: help. Darasa likacheka. Neno hilo walilijua tangu wakiwa wadogo.

"Mnacheka. Haya, maana yake nini?"

"Kusaidia!" walijibu kwa pamoja.

"Hiyo ni tafsiri. Mimi nimeuliza maana." Mwalimu alijikung'uta chaki mikononi. "Jumatatu kila mmoja aje na sentensi moja yenye neno hilo. Iwe juu ya jambo la kweli mlilolifanya wenyewe. Itakayonipendeza zaidi itasomwa mbele ya wazazi siku ya mkutano."

Kudzanai, aliyekaa dawati moja na Chenesai, akanong'ona, "Mimi nitaandika kwamba nilimsaidia mama kumaliza kuku."

Chenesai hakucheka. Alikuwa ameshaanza kuiona sentensi yake ikisomwa na mama yake amekaa mstari wa mbele. Haikufaa iwe ya kuchota maji, kwa kuwa nusu ya darasa wangeandika kuchota maji. Alitaka jambo kubwa, na njiani kurudi nyumbani akalipata.

Jirani yao, Mbuya Mavhunga, yaani Bibi Mavhunga, alifiwa na mumewe mwaka uliopita. Baada ya mavuno ukoo ungekusanyika kufanya ibada ya kuirudisha roho ya mzee nyumbani, na pombe ya ibada hiyo hupikwa kwa ulezi. Mbuya alikuwa amesema mbele ya watu kwamba ulezi huo hautanunuliwa sokoni. Utatoka katika kishamba alichokilima marehemu mwenyewe, kwa mbegu alizoziweka kwa mkono wake. Ila magoti yalimsumbua, na magugu yalikuwa yamemshinda. Kijiji kizima kilijua hivyo, kama kilivyojua pia kwamba Jumamosi angekuwa kwa dada yake ng'ambo ya mto hadi mchana.

Kwetu kazi ikimshinda mtu, huita watu. Huandaa mtungi wa maheu, kinywaji cha uji uliochachushwa kidogo, na majirani huja na majembe yao. Lakini wakifika hawaanzi. Husimama pembeni mwa shamba wakisubiri mwenye shamba apige jembe la kwanza na kuwaonyesha pa kushika. Hata awe mgonjwa, atapiga hilo moja tu kisha akae. Chenesai aliyaona hayo tangu akibebwa mgongoni. Lakini kusubiri kuitwa ni kusaidia pamoja na watu wote, na sentensi ya watu wote haisomwi mbele ya wazazi. Kwa hiyo Jumamosi alfajiri, anga likiwa na mawingu na udongo ungali na unyevu wa mvua ya usiku, alibeba jembe akaenda peke yake.

Kwao walilima mahindi na karanga tu. Ndani ya kile kishamba alikuta majani ya aina mbili yanayofanana sana, membamba, mabichi, yamechanganyika. Moja lilisimama wima, jembamba. Lingine lilikuwa limenenepa na kutanda vizuri. Chenesai akafikiri kidogo, akaamua kwamba lililonenepa ndilo zao. Akaling'oa jembamba na mizizi yake na kulilundika mpakani. Sitamnyima haki yake: alifanya kazi kwa bidii, mgongo ukimuuma, wala hakupumzika.

Alikuwa amebakiza kipande kidogo Kudzanai alipopita na mbuzi wa kwao.

"We Chenesai! Nani kakutuma huko?"

"Sikutumwa. Namsaidia Mbuya."

Kudzanai alilitazama lile lundo. Akainama, akaokota mche mmoja, akaugeuza. "Unamsaidia kufanya nini?"

"Huna macho? Napalilia!"

"Dada yangu, huu ndio ulezi." Mara hii hakuwa akitania. "Hayo uliyoyaacha ndiyo magugu. Shika shina lake huku chini. Bapa, jeupe. La ulezi ni la kijani, si bapa hivi. Hivi kwenu hamjawahi kulima ulezi?"

Chenesai alishika shina moja, akashika la pili. Akayaona yote mawili vizuri. Akakaa chini palepale kwenye tope.

"Kudza," alisema, "tuseme ni mbuzi."

"Mbuzi wangu?"

"Tuseme waliingia, wakala."

"Mbuzi gani anang'oa na mizizi halafu anapanga lundo? Wangu hawajasoma hivyo." Kisha akaona machozi yanamtoka mwenzake, akapunguza ukali. "Sikiliza. Ulezi ukichomeka mche wake tena, unashika. Sisi tukipunguza ile iliyosongamana, tunaipandikiza penye mapengo. Ila iwe leo, udongo ukiwa bado una maji. Kesho hili lundo litakuwa nyasi kavu tu."

"Nitapandikiza mimi."

"Shamba lote? Peke yako? Kabla ya jua kuzama?"

Hesabu haikuhitaji mwalimu. Ili miche ipone ilihitaji mikono mingi, na huwezi kuita mikono mingi bila kusema kilichotokea. Angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyemwona ila Kudzanai. Lakini angenyamaza mpaka jioni, mzee Mavhunga angekosa ulezi wake. Chenesai alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi haikupasuka, na mawingu yalikuwa yameanza kufunguka.

Alipofika kwa Mbuya Mavhunga, alimkuta ndiyo kwanza anatua mzigo wake mlangoni. Chenesai alipiga magoti, akapiga makofi ya heshima kama inavyompasa mtoto wa kike, akasema yote kwa pumzi moja. Hakuwataja mbuzi.

Mbuya aligeuza uso, akatazama upande wa shamba. Chenesai angependa zaidi achapwe.

"Ewe Chihera," Mbuya alisema mwishowe, kwa jina wanaloitwa wanawake wote wa ukoo ambao ishara yake ni mbunju, yule swala mkubwa. "Nyie wa ukoo huo mnazaliwa mmeshavaa suruali kama wanaume. Nani alikuonyesha pa kuanzia?"

"Hakuna, Mbuya."

"Jembe langu lilipiga wapi?"

"Halikupiga, Mbuya."

"Basi ulikuwa shambani kwa nani?" Hakusubiri jibu. Aliingia ndani, akatoka na jembe na fimbo yake. "Mimi natangulia. Wewe kaite watu. Usiseme Mbuya anaomba. Sema ulichokifanya, halafu uombe wewe."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya kwao. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho, akafunika sufuria ya sadza, ugali wa siku ile, akachukua kikapu. Nyumba ya pili walimcheka. Ya tatu, mwanamke mmoja alimkaripia mpaka watoto wakatoka kutazama. "Ulezi wa marehemu! Huoni haya?" Alikuwa akikaripia huku anafunga kitenge kiunoni na kutafuta jembe. Kila alipoingia, Chenesai alirudia maneno yaleyale, na kila mara yalikuwa machungu yaleyale. Hayakuzoeleka.

Walipofika, sehemu ya lundo ilikuwa imeshanyauka. Chenesai aliiona, akaanza kulia tena.

"Acha kulia, unapoteza maji bure," alisema yule mama mkali. Kikapu chake kilijaa miche aliyopunguza shambani kwake asubuhi ile. "Tutaziba na hii."

"Lakini Mbuya alitaka mbegu za mzee."

Mbuya Mavhunga alikishika kikapu, akauangalia mche mmoja. "Ule mwaka wa njaa, nani aliwapa mbegu hawa wote? Mzee alizunguka na gunia nyumba kwa nyumba, nikamwambia atatumaliza. Hii ni yake pia." Akajifuta jicho kwa ncha ya kitambaa cha kichwani, hakujificha. Kisha akainua jembe, akapiga mara moja, na magugu manono yakalala. "Anzieni hapa."

Ndipo watu wakainama. Kudzanai alifunga mbuzi wake, naye akaja. Kazi iliisha jua likigusa vilima, na usiku mvua ikanyesha.

Jumatatu darasa lilijaa sentensi za kuchota maji. Zamu ya Chenesai ilipofika, alisimama akasema kwa Kiingereza maneno mawili tu: "Nisaidieni, tafadhali."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Zvarevashe akainua mkono wanyamaze. "Niliagiza jambo la kweli ulilolifanya."

"Ndilo nililofanya, Mwalimu. Nyumba kwa nyumba."

Akaeleza. Kicheko kiliisha kabla hajafika kwenye lundo. Siku ya mkutano mwalimu aliichagua sentensi yake, lakini Chenesai akaomba isisomwe, na mwalimu akakubali. Mama yake alisikiliza sentensi ya mtoto mwingine, akapiga makofi kama wengine.

Si kila mche ulishika. Hata hivyo kishamba kilikomaa, na baada ya mavuno mzee Mavhunga alirudishwa nyumbani kwa ulezi wake mwenyewe. Kabla ya ibada, siku ya kuloweka ulezi kwa ajili ya kimea cha pombe, Chenesai alifika uani kwa Mbuya. Magunia yalikuwa wazi na mitungi ilikuwa tayari. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, akapiga magoti.

"Mbuya, nianzie wapi?"

Mbuya alimtazama, na meno machache yaliyobaki yakaonekana.

"Mjukuu wangu, hilo swali lako tu limeshanipunguzia kazi nusu," alisema. "Mtu anayekusaidia huja kwanza kukusikiliza. Asiyesikiliza anajifanyia yake, hata akitoka jasho vipi. Na siku ukikosea, sema mapema, wakati mche bado una maji." Akasogeza gunia, akachota konzi ya kwanza kwa mkono wake mwenyewe na kuitia mtungini. "Haya. Anzia hapa, karibu yangu."