Mikono ya Bi Ernestine

Mtaani kwetu Filadelfia, kila Jumamosi tunafagia mbele ya nyumba zetu. Asiyefagia atakiona cha moto kwa Bi Ernestine Gaskins, mkuu wa mtaa. Mama yule ana mdomo! Jirani yangu Alonzo humkimbia akiona tu ufagio wake.

Jumamosi moja Alonzo alikuwa akikata mbao za kibaraza kwa msumeno wa umeme. Msumeno ukateleza, ukamkata paja. Damu ikaruka. Rochelle, mkewe, akamzungushia taulo haraka haraka, akaanza kumkokota kwenda garini.

"Tupige simu ya dharura!" nikamwambia.

"Thubutu! Watatangulia polisi. Umesahau ya kaka yangu?"

Sikusahau. Kaka yake alipigwa risasi akitoka kazini. Hospitalini polisi walimhoji kama mhalifu, naye analia kwa maumivu. Familia ikazuiwa nje. Tangu hapo watu weusi wa mtaa wetu tulijipeleka hospitali wenyewe. Woga wetu ulikuwa na sababu. Lakini taulo lilikuwa limeshalowa.

Bi Ernestine akaja mbio, na miaka yake sabini.

"Mlazeni chini! Garini nani atambana jeraha, dereva?" Akapiga magoti. Akashindilia kitambaa safi ndani ya jeraha, akakandamiza kwa mikono miwili na uzito wake wote.

"Unaniua, mama!"

"Piga kelele, mwanangu. Nikikusikia najua unapumua." Akanigeukia. "Wewe, piga simu. Sema ni ajali ya msumeno, damu nyingi, hakuna silaha."

Kweli, polisi walitangulia. "Nani kamchoma kisu?" mmoja akauliza. Na msumeno uko miguuni pake askari huyo!

"Msumeno huo hapo, baba," alijibu Bi Ernestine. Hakuitoa mikono jerahani mpaka ambulensi ilipofika.

Hospitalini askari yule alimfuata Alonzo mpaka kitandani, daftari mkononi. Bi Ernestine akasimama katikati.

"Huyu ni mgonjwa. Daktari kwanza. Maswali yatangoja, na ana haki ya kukaa kimya. Mkewe aingie."

Nesi akavuta pazia. Askari akabaki nje.

"Asingebanwa lile jeraha, asingefika hapa," daktari alituambia baadaye.

Rochelle akaangua kilio. "Mimi ningemuua kwa woga wangu."

"Woga huo hukuuzaa wewe," Bi Ernestine akamwambia. "Mwanangu Curtis alivuja damu barazani kwangu. Sote tuliogopa kupiga simu. Nilipomzika, nikaenda kujifunza kubana jeraha. Kisha nikaja kuwasumbua wakubwa wa hospitali hii."

Aliwasumbua kweli. Baada ya mikutano kumi na moja, walikuwa wameandika amri, ndiyo iliyomfanya nesi avute pazia: polisi wangoje nje ya pazia mpaka daktari na mgonjwa wakubali. Nasi, baada ya ajali ya Alonzo, alitufundisha nyumba kwa nyumba: bonyeza kwa nguvu, usiachie, usifunue kuchungulia, piga simu. Sijaona mwanamke kama yule.

Septemba, mzee Purnell wa nyumba ya pili aliangukia kioo cha dirisha. Mkono wake ukachanika vibaya. Rochelle alifika wa kwanza, akapiga magoti, akabonyeza. Alonzo, anayechechemea bado, alishika simu akasita.

"Rochelle... nipige?"

"Piga, Alonzo!" alifoka, kama Bi Ernestine mwenyewe. "Mimi mikono yangu siitoi hapa."