Nilimuozesha Tabitha kwa Simu

"Tabitha ameolewa, dokta. Chuo ameacha."

Ndugu zangu, maneno hayo niliyasema mimi, Kulthumu, nimesimama mlangoni kwetu Lionja, Nachingwea. Tabitha mwenyewe alikuwa uani, anapukuchua mahindi na mama yangu... namsikia anacheka.

Nisomeni mpaka mwisho, halafu mnitukane mkitaka.

Tulikuwa mwaka wa pili chuoni, tunasoma jiolojia. Darasa zima wasichana watano. Likatoka tangazo: msichana mmoja ataenda fildi Kilimanjaro, wiki tatu, kupima barafu ya kileleni inavyopungua.

Tabitha aliomba akapime kipande kimoja kidogo cha barafu ambacho hakuna aliyekijali. Alikisoma miezi mitatu. Mimi nilikopi kopi mtandaoni nikatuma.

Simu yake ilikuwa imekufa, kwa hiyo kwenye fomu akaandika namba yangu. Likizo ilipofika akatoka kwao Ruangwa, akaja kwetu kusubiri majibu.

Dokta Valentina, msimamizi wa safari, akapiga.

"Mwambie Tabitha amepata. Athibitishe leo. Asipoweza, wa akiba ni wewe."

Wa akiba ni wewe... Tangu mwaka wa kwanza yeye wa kwanza, mimi wa pili. Wivu tu, jamani. Sina kingine cha kujitetea.

Niliporudi uani akaniuliza, "Nani huyo?"

"Watu wa vifurushi."

Siku tatu, kila asubuhi:

"Hawajapiga?"

"Bado, shoga."

Siku ya nne akarudi kwao. Wiki ile ya safari nikampigia kwa simu ya kaka yake, Obadia.

"Wamenichukua mimi, Tabi."



"Hongera. Kule baridi, uvae vizuri."

Nikapanda mlima. Kipande cha Tabitha tulikipita, kidogo kama uwanja wa netiboli. Hakuna aliyekipima.

Siku ya mwisho Dokta Valentina akaniita pembeni.

"Tabitha alinipigia kabla hatujaondoka. Nikamwambia wewe umesema ameolewa, na kama ni uongo nakufuta. Kisha akasema ni kweli, ameolewa."



"Lakini sauti ile haikuwa ya bibi harusi," akasema. "Kulthumu, Tabitha ameolewa?"

"Hapana, dokta."

Jina langu likatolewa kwenye ripoti. Safari zote za fildi nikafungiwa mpaka nimalize chuo. Haki kabisa.

Niliposhuka nilikwenda moja kwa moja Ruangwa. Nilimkuta anaanika ufuta. Hakuinuka.

"Ulijua," nikasema. "Nilipokupigia, ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Sasa kwa nini ulinifichia?"

"Ningesema, wangekufuta wewe. Na mimi siku ya kuthibitisha ilikuwa imeshapita, nisingewahi. Tungekosa wote, halafu mwakani waseme wasichana hawaeleweki. Bora mmoja wetu aende."

Nikaanza kulia. Akaniacha nilie.

"Kilichoniuma siyo mlima," akasema. "Nilisubiri uniambie mwenyewe. Ulipopiga nikajua sasa anasema... ukaniambia wamekuchukua."

Mwaka uliofuata Tabitha alichaguliwa tena, akaenda. Nikasema moyoni, angalau kapata chake, deni limepungua.

Siku ya tano akanitumia picha moja. Mawe meusi, vumbi, hakuna kitu.

Chini ameandika: "Kilikuwa hapa."

Kile kipande chake kimeyeyuka chote. Miezi mitatu aliyokisoma, na aliyekiona kwa macho ni mimi, nisiyekuwa na haja nacho.

Tabitha alishanisamehe. Tunaongea, tunacheka. Watu wananiambia basi, yameisha. Mimi nawaambia hapana. Nilidhani namchelewesha mwaka mmoja tu.

Wewe unayesoma, kama kuna ujumbe wa mtu umeukalia, mpelekee leo. Usijidanganye kwamba utamrudishia baadaye.