Tone Moja la Benno

Mara ile mjinga alikuwa Lameki. Ukimkumbusha leo hakatai. Anajikuna kichwa na kucheka.

Lameki ni mchuuzi wa viazi, anakaa mtaa wa Ramadhani, mjini Njombe. Kwake gunia halijawa gunia mpaka lipigwe lumbesa, yaani viazi virundikwe hadi juu ya mdomo wake. Kila kitu alipenda kizidi kidogo.

Mwezi wa saba ule jua lilikuwa adimu. Mkewe, Dafroza, alimfunika mwanawe Benno blanketi mpaka ikabaki pua. Mtoto alikuwa na miezi miwili, ananyonya tu. Kliniki walimpa vitamini D ya maji, ya kuimarisha mifupa. Kila siku Dafroza alivuta dawa kwa kibomba chake, ikifika kwenye mstari anampa.

Chupa ilipoisha, Lameki alikuwa Makambako akipakia mzigo. Akanunua nyingine duka la dawa. Jioni akachukua kibomba cha zamani, akakijaza mpaka kikapita mstari.

"Baba Benno, umesoma karatasi yake?"

"Vitamini ni vitamini, mama. Huyu Krismasi anatembea!"

Ikawa hivyo kila jioni. Siku ya sita Benno alikataa ziwa. Akatapika. Choo hakupata. Mwili ulilegea kama kitambaa kilicholowa. Dafroza alimkumbatia, akachukua chupa na kibomba, akakimbia kwa jirani yao, muuguzi Scholastica, Lameki nyuma yake.

"Amekula nini?"

"Maziwa yangu tu, dada. Na hii."

Scholastica aliisoma chupa. Uso ukabadilika. "Lameki, hii ni kali. Imeandikwa tone moja kwa siku. Umempa kibomba kizima?"

"Na kidogo cha juu," Lameki alijibu.

"Kibomba hiki kinabeba matone zaidi ya ishirini! Kila chupa ina kipimo chake na kibomba chake, havichanganywi. Vitamini D ikizidi mwili hauitoi haraka. Inaweza kuumiza figo. Acheni kumpa sasa hivi, twende hospitali. Chukueni chupa zote mbili, daktari azione."

Njiani Lameki hakutania hata mara moja. Alikuwa ameshika mguu mdogo wa Benno ndani ya blanketi, hauachii.

Hospitali walimpima damu, wakamlaza siku nne. Dafroza aliendelea kumnyonyesha kila alipokubali. Siku ya tatu Benno alivuta ziwa kwa pupa hadi mama yake akalia.

"Na vidonge vyangu mimi vya vitamini D, nilivyopewa kliniki?" Dafroza alimuuliza Scholastica. "Nimeze viwili, nimfidie ya kwake iliyosimamishwa?"

"Hapana, mdogo wangu. Meza ulivyoandikiwa. Ukimeza dozi kubwa mno, nyingine inampitia kwenye maziwa. Ukinunua dawa yoyote, waonyeshe kliniki kwanza."

Wiki kadhaa baadaye damu ilipimwa tena, ikawa salama. Kliniki wakaruhusu tone moja kwa siku, wakaonyesha namna ya kulitoa. Benno akanenepa, akaanza kumcheka baba yake.

Asubuhi moja ukungu ulishuka hadi mlangoni. Dafroza alisoma karatasi, akadondosha tone, akafunga chupa.

Lameki alichungulia. "Moja tu? Kwa baridi hii? Si ungemwongezea hata la pili, mama, roho yangu itulie?"

Dafroza alimweka Benno kifuani, chupa akaitia mfukoni mwake.

"Lumbesa kapige viazi vyako, baba. Huyu nilimzaa na kipimo chake."