Robo Mzunguko wa Skrubu

Injini ya lori ilizimika katikati ya nyika, mchanga ukipeperuka pande zote. Dereva alipiga usukani kwa kiganja.

"Shemeji, mgonjwa wako huyo. Shuka ukamwone."

Fundi akajifunga kitambaa puani akashuka. Lori lile la petroli lilikuwa limeozea nyuma ya gereji miaka na miaka hadi yeye alipolifufua, na mbele ya dada yake aliapa kwamba litavuka nyika bila kukwama hata mara moja. Sasa hii ilikuwa mara ya tatu. Dada mwenyewe, mke wa dereva, alikaa katikati ya kebini, gia ikiwa baina ya magoti yake, akihamia na vyombo vyake vyote kule mumewe alikopata kazi.

"Chura," dada akamwita kaka yake kutoka ndani, "usikawie, mchanga utakuingia machoni."

Jina hilo dada ndiye aliyempa walipokuwa wadogo, kwa sababu hakuna dimbwi ambalo kaka yake aliliacha bila kulirukia. Mama yao alikwisha kufariki, na duniani alibaki mtu mmoja tu wa kumwita hivyo.

"Kichwa kinanigonga," dada akaongeza.

"Ni jua hilo," fundi akajibu. "Kunywa maji."

"Kidogo kidogo," dereva akasema. "Limebaki jeri moja."

Fundi alifunua boneti, akamwambia shemeji yake awashe tena. Injini iliwaka kwa shida, na kila dereva alipoachia pedali ya mafuta, ilipiga pa! pa! kama mtu anayekohoa. Kwake hilo halikuhitaji kufikiriwa. Injini inayopiga hivyo ina njaa ya petroli. Ndivyo alivyoamini, ndivyo alivyowafundisha wenzake gereji nzima, na asiyekubali alichekwa. Akachukua bisibisi, akafungua skrubu ya kabureta robo mzunguko ili petroli izidi kuingia. Injini ikatulia kidogo.

"Nimeilisha," akasema, akapanda akijisifu.

Walifunga vioo na kuziba mianya ya milango kwa matambara. Tundu moja tu waliliacha, pale gia inapotokea sakafuni, mpira wake ukiwa umechanika. Hapo palipuliza hewa ya uvuguvugu, wala haikuwa na mchanga, basi hakuna aliyeona sababu ya kupaziba. Injini ilipoanza tena kukohoa, fundi alishuka akaongeza robo nyingine. Halafu nyingine. Dada aliacha kulalamika, akaegemeza kichwa begani kwa mumewe, na wanaume wawili wale, Mungu awasamehe, walifurahi kwamba hatimaye amepata usingizi.

Lori lilitoka njiani likazama kwenye mchanga laini.

"Unaendeshaje wewe?"

"Naona njia mbili," dereva akasema, akafungua mlango akatapika.

Fundi alimtikisa dada yake. Kichwa kikaanguka upande. Akamwita, akampiga makofi mashavuni, akamvuta nje akiwa amelegea kama nguo mbichi. Wakamlaza upande usio na upepo, dereva akamwekea sikio kifuani.

"Anapumua. Lakini kidogo mno."

Fundi mwenyewe alikuwa akipepesuka. Alivuta pumzi, akavuta tena, na kizunguzungu kikaanza kumtoka. Hapo ndipo alipoelewa.

"Tukishuka tunapata nafuu. Tukipanda tunaugua. Tunavuta moshi, shemeji!"

Aliwasha injini, akamwambia dereva azibe mdomo wa ekzosi, bomba la moshi, kwa tambara. Moshi ulipokosa pa kutokea nyuma, ulifoka mbele, sssss, pale bomba linapoungana na injini. Gasketi inayoziba maungio hayo ilikuwa imeungua, na pembeni yake masizi yamechora ulimi mweusi. Kumbe kile kikohozi kilikuwa cha tundu hili. Injini ilikuwa na petroli ya kutosha, tena ya kuzidi, maana kichujio cha hewa nacho kilikuwa kimejaa mchanga. Kila robo aliyofungua ilizidisha sumu ya moshi, na sumu ilipanda kupitia tundu la gia hadi usoni mwa dada yake.

"Nimemuua dada yangu," akasema.

"Hajafa. Utalia baadaye. Shika spana."

Hapakuwa na muda wa kungoja chuma kipoe. Fundi alifungua nati huku ngozi ya vidole ikibaki kwenye bomba, akapiga kelele, akaendelea. Alikata kopo la oili, akakunja bati lake mara mbili, akalipachika mahali pa gasketi na kukaza hadi spana ikateleza kwa damu. Kichujio alikipigapiga kwenye tairi. Skrubu aliirudisha robo zote alizokuwa amefungua. Injini ilipowaka, mfoko ulikuwa umepungua, ila haukuisha.

"Ndani hapandi mtu ila wewe," akamwambia dereva. "Vioo chini vyote."

Radieta ilikuwa inatokota. Dereva alinyanyua jeri, akamtazama mkewe, akamtazama fundi.

"Tumpe nani?"

"Radieta. Dada asipofika, maji hayatamsaidia kitu."

Walichimba mchanga kwa sahani za dada, wakatandika godoro lake chini ya tairi, lori likatoka. Fundi alikaa juu ya mzigo akiwa amempakata dada yake, shuka limewafunika dhidi ya mchanga, koo limekauka.

"Niite, dada," alimwambia njia nzima. "Niite Chura. Nitukane basi."

Jua lilikuwa linaelekea kuzama walipoona mitambo ya wajenzi wa barabara, na kambi yao, na hema lenye tabibu. Walimvalisha barakoa ya mtungi wa oksijeni. Dereva aliketi chini akashika mguu wa mkewe, hakuuachia hadi asubuhi.

Mkewe alifumbua macho. Alimtambua mumewe, ingawa alimwuliza mara mbili walikuwa wanakwenda wapi. Tabibu alisema kumbukumbu huenda ikarudi polepole, na huenda isirudi yote.

Fundi aliingia, mikono yake imefungwa bandeji hadi kwenye viwiko. Dada alimtazama kwa huruma, vile mtu anavyomtazama mgeni.

"Pole, fundi. Wameniambia uliungua kwa ajili yangu."

"Si kitu."

"Asante sana. Nyumbani kwenu ni wapi?"

Alitaka kumwambia yote, tangu madimbwi hadi skrubu.

"Si mbali na kwenu," akajibu.