Sura Kumi na Nne kwa Disketi

Mwaka 1996 mwanamume mwenye tai katika soko la Likasi, mji wa migodi ya shaba nchini Zaire, alikuwa kichekesho. Mishahara ilikuwa imekauka, viwanda vimenyamaza, walimu wanauza mikate ya kukaanga. Fidélie, mwalimu wa darasa la tatu, alikuwa mmoja wao: kitenge cha njano, kilemba kimekaa upande, uso wa mtu asiyeomba huruma ya yeyote.

Mwenye tai aliitwa Hilaire. Alinunua mikate mitatu, akatoa mwenyewe karatasi ya kufungia kutoka mkobani. Fidélie akaigeuza. Upande wa pili palikuwa pamechapwa uso, au kitu kilichokusudia kuwa uso.

"Uyu ni muntu ao ni ukuta ya matofali?"

Hilaire alicheka, kisha akaeleza kwa aibu kidogo. Alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ya kutafuta ndugu, ile iliyo nyuma ya kanisa. Wale wenye asili ya Kasai waliofukuzwa mjini miaka mitatu nyuma, wakasukumwa kwenye treni za kuwarudisha huko, picha zao ziliingizwa kwenye mashine, zikawekwa kwenye disketi na kupelekwa Mbuji-Mayi, mji wa Kasai. Huko zinachapwa na kubandikwa ukutani, anayemtambua mtu anasema.

Utani ukamwisha Fidélie. Mama yake alipanda treni hiyo. Yeye alikuwa shuleni Mulungwishi wiki ile, na aliporudi alikuta mlango umevunjwa, baba yake, ambaye hakufukuzwa kwa kuwa ni mzaliwa wa Kambove, hapo jirani, ameketi kwenye kiti pekee kilichobaki.

Kesho yake alipeleka picha ya mama. Keshokutwa yake Hilaire alirudi kununua mikate ambayo tumbo lake halikuihitaji. Mambo yakaenda yanavyokwenda. Baada ya miezi mitatu alitaka kupeleka mahari, na Fidélie, ambaye naye moyo ulishakwisha kumtoroka, akamwambia angoje. Katika mahari kuna kitenge cha mama, na kitenge hicho mama hukipokea kwa mikono yake. Apatikane kwanza.

Siku moja mchana akampelekea Hilaire chakula ofisini. Mama yake alikuwa kwenye kioo cha kompyuta, safi kabisa, hata mikunjo ya kilemba inahesabika. Fidélie alikaribia kulia kwa furaha. Kisha Hilaire akafungua picha iliyofuata, ya Steve, mtoto wa jirani yao Rosalie, aliyepotelea kwenye treni hizo akiwa na miaka tisa. Mashavu yalikuwa vipande vipande vya mraba. Macho hayakuwa macho.

Akauliza kwa nini. Hilaire akaeleza kwamba mkubwa wa ofisi, Monsieur Adolphe, aliweka ubora wa ishirini na tano kwa mia ili sura hamsini zienee kwenye disketi moja. Mashine inabana kila picha hivyo yenyewe, mpaka mtu ajisumbue kuiambia vingine.

"Kwa mama yako nilijisumbua," alisema, kama mtu anayetoa zawadi. "Nilitia makumi tisa."

"Na Steve?"

"Chérie, ma-disketi ni kidogo. Weye njo ninakupenda."

Fidélie aliweka bakuli mezani taratibu. "Donc mutoto ya Rosalie hana muntu wa kumupenda humu ndani, njo anakuwa matofali. Hapana, Hilaire. Sitaki mama yangu apatikane sababu miye niko muzuri."

Akaondoka. Siku kumi na mbili Hilaire alikwenda sokoni, na siku kumi na mbili aliambiwa mikate imekwisha, huku karai limejaa pomoni mbele ya macho yake. Alikasirika. Alijiambia wanawake hawana shukrani. Siku ya kumi na tatu alichapa picha ya Steve, akaitazama kama Rosalie angeitazama, na hasira ikamwishia.

Akabadilisha ule ubora wa kawaida: themanini na tano, kwa kila sura, bila kuulizwa. Disketi moja sasa ilibeba kumi na nne tu. Na kwa kuwa picha ikishabanwa haikunjuki tena, alibandika tangazo sokoni: wote walete upya picha za ndugu zao.

Asubuhi iliyofuata foleni ilifika barabarani. Adolphe aliingia, akaona, akauliza disketi za kutosha zitatoka wapi. Akampa Hilaire chaguo: arudishe ishirini na tano, ama arudishe ufunguo wa ofisi. Hilaire akaweka ufunguo mezani na kuendelea kuingiza picha. Hakuinuka.

Fidélie alikuwa kwenye foleni, pamoja na Rosalie. Fidélie ndiye aliyesema kwamba disketi zimo mjini humu humu. Makarani wa migodini walikuwa wakikaa mchana kutwa katika ofisi zilizokufa, droo zao zimejaa disketi za ripoti za shaba ambayo haichimbwi tena. Kufikia Ijumaa walileta arobaini za kutupwa, zenye ripoti hizo kuukuu, wakazifuta wenyewe moja moja. Adolphe alizihesabu. Ufunguo aliuacha pale pale mezani, na Hilaire akauchukua.

Jibu lilikuja baada ya wiki sita kwa phonie, ile redio ya kuitana ya parokia. Sauti kutoka Mbuji-Mayi ilisoma majina ya waliotambuliwa, kumi na tisa. Steve alikuwa wa nne. Rosalie alikaa chini sakafuni na kucheka mpaka wakaogopa. Orodha ikaisha. Mama yake Fidélie hakuwemo.

Hilaire alimfuata nje. Hakuthubutu kumgusa. Akamwambia kwamba wataituma tena sura ya mama, kila mwezi, na yeye atangoja hata miaka.

"Kuituma, tutaituma," Fidélie alisema. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta. "Kungoja, hapana. Bale bantu balibeba mama yangu. Arusi yangu habataibeba. Enda kwa baba."

Jumapili Hilaire alivaa tai yake, akapanda kwenda Kambove, alikorudi kuishi baba yake Fidélie, mahari mkobani.