Dativa Apata Kazi ya Saa Chache

Hakuna nyumba iliyokuwa safi kama ya Dativa pale Saint Louis Park, Minnesota. Si kwamba alipenda usafi kuliko watu wengine. Hakuwa na kazi nyingine ya kufanya. Akimaliza kusugua jiko, alisugua sufuria. Akimaliza sufuria, alifungua kabati na kupanga upya vikombe ambavyo havikumkosea mtu.

Kabla ya hapo Dativa alikuwa mkaguzi katika kiwanda kimoja huko Plymouth. Kiwanda kilitengeneza mipira ya dripu kwa ajili ya hospitali. Kazi yake ilikuwa kutazama kila mpira na kuutupa wenye kasoro. Aliifanya kwa miaka saba na aliipenda. Kisha kiwanda kikapunguza wafanyakazi, na jina lake likawemo.

Jimbo la Minnesota lina mfuko wa kuwasaidia watu wanaopoteza kazi bila kosa lao. Dativa aliomba, akakubaliwa. Kila Jumatatu asubuhi alifungua kompyuta na kujibu maswali kuhusu wiki iliyopita. Je, ulifanya kazi? Hapana. Je, ulitafuta kazi? Ndiyo, na alikuwa ametafuta kwelikweli. Baada ya siku chache hela iliingia benki. Haikuwa nyingi. Lakini ukiiweka pamoja na mshahara wa Lusajo, mumewe, ilitosha kodi ya nyumba na chakula. Bila hela hiyo wangeshindwa kulipa kodi, na wote wawili walilijua hilo.

Lusajo alikuwa fundi wa maabara katika hospitali. Yeye ni Mnyakyusa wa Tukuyu na Dativa ni Mhaya wa Bukoba, kwa hiyo nyumba yao haikukosa utani. Jioni moja Lusajo alisema anaogopa kunywa chai, maana kikombe kinang'aa kuliko yeye. Dativa alimjibu kwamba ni ugeni tu, Wanyakyusa wakionyeshwa kikombe kisafi huwa wanahitaji muda wa kuzoea. Walicheka. Hata hivyo Lusajo aliona kwamba mkewe anacheka kwa mdomo tu. Kukaa nyumbani kulikuwa kunamchosha kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya.

Jumapili moja, Makena, rafiki yake Mkenya wa kanisani, alimletea habari njema. Huko Maple Grove kulikuwa na kituo cha wazee. Wazee waliletwa asubuhi, wakala, wakacheza karata, wakarudishwa makwao jioni. Jikoni palihitajika msaidizi, asubuhi tatu kwa wiki. Meneja aliitwa Wanjala, na alikuwa mtu wa watu.

Dativa alifurahi mpaka akasahau kuaga. Furaha hiyo ilifika kwenye maegesho ya magari tu. Hapo alikutana na Nahashon. Nahashon naye alikuwa amepunguzwa kazi, na ni mtu ambaye hajawahi kuulizwa swali akakosa jibu.

"Usithubutu, dada," Nahashon alisema. "Ukigusa kazi hata ya saa moja, wanakata unemployment yote, hiyo hela ya kila wiki. Mimi nimeshakataa kazi mbili."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Dativa aliligeuza jambo hilo kichwani. Kazi aliitaka. Hela ya kila wiki aliihitaji. Hakuona jinsi ya kuvipata vyote viwili.

Kabla ya kulala alipata wazo. Mama yake, kule Bukoba, alikuwa mwalimu. Kila mwezi alimwachia mwenye duka sehemu ya mshahara wake ili amtunzie. Shule zilipofunguliwa, aliifuata hela yake, na haikupungua hata senti. Watu wengi walifanya hivyo. Mwenye duka mwaminifu alikuwa benki yao.

"Nitamwomba Wanjala anitunzie mshahara," Dativa alimwambia mumewe. "Hela ambayo haijaingia mkononi mwangu bado si yangu. Unemployment ikiisha, atanipa yote kwa pamoja. Hapo nimemdanganya nani?"

Lusajo alikuna kichwa. Alisema sheria haijui, ila wazo hilo lina harufu. Dativa alimwambia kwamba harufu hiyo ni ya maabara, akaoge.

Jumatatu alimpigia Wanjala simu, na Jumanne akaanza kazi. Wazee wa kituo walipenda hotdish, chakula cha nyama, maharage mabichi, supu nzito na viazi, vyote vikiokwa katika bakuli moja. Mara ya kwanza Dativa alikitazama kwa mashaka. Kilionekana kama mizigo ya mtu anayehama nyumba. Lakini alijifunza kukipika, akaongeza kitunguu saumu kidogo bila kumwambia mtu, na bakuli zikarudi jikoni tupu. Mzee mmoja alikuja mpaka mlangoni kumshukuru. Jioni ile Dativa aliimba akiosha vyombo. Leah, binti yake, aliinua kichwa kutoka kwenye simu. "Mom, you're singing," alisema. Dativa mwenyewe hakuwa amejisikia.

Ijumaa, baada ya kazi, alimfuata Wanjala na kumweleza ombi lake. Wanjala alimsikiliza mpaka mwisho. Hakucheka wala hakukasirika. Alisema mambo ya mishahara ni ya Wairimu, na akamwonyesha mlango wa ofisi yake.

Wairimu alikuwa mhasibu wa kituo, mama kijana kutoka Nyeri. Alimkaribisha Dativa kiti. Dativa akarudia maneno yake, safari hii kwa sauti ya chini kidogo. Akiyasikia mara ya pili, hata yeye hayakumkaa vizuri.

"Mama Leah, hiyo siwezi," Wairimu alisema kwa upole.

"Kwani si hela yangu?"

"Ni yako. Ndio maana siwezi kukaa nayo. Ukifanya kazi wiki hii, hiyo pesa ni ya wiki hii. Hata nikikulipa Krismasi, bado ni ya wiki hii. Na wale watu wa unemployment hawakuulizi kama umelipwa. Wanakuuliza kama umefanya kazi."

Dativa aliliona swali la Jumatatu mbele ya macho yake, na jibu alilokusudia kuandika. Kwa miaka saba alikuwa ametupa kila mpira wenye tundu, hata liwe tundu dogo kiasi gani, kwa sababu mwisho wa mpira huo kuna mgonjwa. Leo alitaka kuupitisha wa kwake mwenyewe. Aliona aibu, na aibu hiyo ilimwingia mpaka masikioni.

Wairimu aliendelea taratibu. Alieleza kwamba kila baada ya miezi mitatu mwajiri hupeleka kwa jimbo majina ya wafanyakazi na mishahara yao. Jimbo hulinganisha. Mtu aliyeficha kazi hugundulika, hutakiwa kurudisha hela aliyolipwa isivyo halali, na juu yake huwekewa adhabu.

"Basi niache kazi," Dativa alisema. Machozi yalikuwa karibu. "Sina jinsi. Hela ile ndiyo inayolipa nyumba."

"Nani amekuambia uache? Ukiacha kazi bila sababu nzuri, hiyo yenyewe inaweza kukufungia malipo. Hata kukataa kazi inayokufaa inaweza kukuletea shida. Acha nikuonyeshe vile inaenda."

Akavuta kiti karibu.

"Tuseme unemployment inakupa mia nne kwa wiki. Huku kwetu umefanya kazi wiki hiyo, ukapata mia mbili. Wao hawachukui mia nne yote. Wanaangalia ile mia mbili uliyopata hapa, wanagawanya nusu. Hiyo nusu ndio wanakata. Kwa hivyo wanakulipa ngapi?"

"Mia tatu," Dativa alisema polepole.

"Na hapa uko na ngapi?"

"Mia mbili." Dativa akajumlisha kwa vidole. "Mia tano? Kumbe anayefanya kazi anapata zaidi ya anayekaa nyumbani?"

"Anapata zaidi. Na ile mia moja waliyokata haijapotea. Inabaki kwa account yako. Ukiihitaji baadaye, kabla mwaka wa malipo yako haujaisha, iko."

"Mbona Nahashon alisema wanakata yote?"

"Nahashon ni nani?"

"Ni mtu niliyekutana naye kwenye maegesho ya kanisa, anajua kila kitu," Dativa alisema, na wote wawili wakacheka.

Wairimu alimwambia kwamba Nahashon hakukosea kabisa. Kuna wiki ambazo mtu halipwi kitu. Akifanya kazi saa thelathini na mbili au zaidi katika wiki, wiki hiyo hana malipo. Akipata mshahara unaofikia au kuzidi malipo yake ya wiki, vilevile hana. Lakini asubuhi tatu hazifiki huko. Tena, wiki huhesabiwa kuanzia Jumapili mpaka Jumamosi. Dativa alitakiwa kutaja saa zote alizofanya ndani ya wiki hiyo, na mshahara wake kabla ya makato ya kodi, hata kama hajaushika bado. Aendelee pia kutafuta kazi ya kudumu, kama alivyokuwa akifanya.

"Na sheria ziko na kona nyingi," Wairimu alimalizia. "Kila jimbo lina zake, na zinaweza kubadilika. Ukiwa na shaka, wapigie simu wenyewe, uombe mkalimani wa Kiswahili. Usiulize watu wa parking."

Jumatatu asubuhi Dativa aliketi mbele ya kompyuta. Lusajo alisimama nyuma yake na chai yake. Swali likaja: je, ulifanya kazi? Kidole cha Dativa kilisita. Kuelewa ni jambo moja, na kuamini ni jambo jingine. Ikiwa Wairimu amekosea, kodi ya mwezi huu itatoka wapi? Akabonyeza ndiyo. Akaandika saa zake zote. Akaandika mshahara wake wote, hela ambayo bado hakuwa ameiona.

Siku zilizofuata alipika hotdish huku akifungua simu kila mara kutazama benki. Kisha hela ikaingia. Alifungua simu akiwa jikoni kituoni, akatazama, akatazama tena. Walikuwa wamekata nusu ya mshahara wake, kama Wairimu alivyosema, wala hawakugusa zaidi. Mshahara wa kituo nao ulipoingia, alijumlisha vyote na kumpigia Lusajo simu. Walikuwa na zaidi ya walichokuwa nacho alipokaa nyumbani akipanga vikombe. Kodi ililipwa, na ikabaki hela ya samaki. Dativa alipika ndizi na samaki siku ile, na Lusajo akakiri kwamba Wahaya wana jambo moja wanaloliweza.

Nahashon naye hakuachwa gizani. Dativa alimweleza yote, taratibu, kama alivyoelezwa yeye. Nahashon alisema alijua hivyo tangu mwanzo. Lakini wiki iliyofuata alimpigia Wanjala kuuliza kama kituo kinahitaji dereva.

Miezi ilipita. Kila Jumatatu Dativa alijibu maswali yake bila kusita. Wiki moja saa zilikuwa nyingi, nyingine chache, naye aliandika zilivyokuwa. Theluji ilipoyeyuka, mpishi mkuu wa kituo alihamia Texas kwa wajukuu zake. Wanjala alimwita Dativa ofisini na kumwuliza kama angeweza kulichukua jiko lote, siku tano kwa wiki, na mshahara wa mpishi mkuu. Dativa hakuomba muda wa kufikiri.

Wiki ya kwanza ya kazi hiyo ilipokwisha, alifungua kompyuta kama kawaida. Je, ulifanya kazi? Ndiyo. Saa ngapi? Aliandika arobaini, akatuma, akasoma jibu.

"Wiki hii wanakulipa ngapi?" Lusajo aliuliza kutoka chumbani.

"Hata senti moja," alisema Dativa. Alikuwa anacheka, na safari hii hakuwa anacheka kwa mdomo tu. Alichukua funguo za gari akatoka, maana wazee wa Maple Grove hula mapema.