Gogo Lililopelekwa Mahakamani

Mihaja alikuwa mtu mpole mpaka aingie ndani ya teksi yake.

Kila asubuhi alikula vitumbua vya mchele na mkewe Voahangy, akanywa maji ya ukoko wa wali, kisha akashuka ngazi kwenda kwenye gari. Akipita mbele ya watu aliinama, akanyoosha mkono mbele, akaomba radhi. Antananarivo nzima hupita hivyo, lakini Mihaja alizidi. Aliomba radhi hata kwa paka wa jirani.

Akishafunga mlango wa gari, adabu ilibaki nje. Aliyechelewa kuondoka mbele yake alikuwa bata. Aliyempita alikuwa mwizi. Aliyempigia honi, huyo alitukanwa mpaka ukoo wake. Voahangy alikwisha kataa kupanda gari la mumewe. Alisema nyumbani ameolewa na mtu mmoja, barabarani yupo mwingine asiyemjua.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la rangi ya maziwa, na umri wake ulimpita Voahangy. Breki ya mkono ilikufa miaka sita nyuma. Na mji ule ni vilima vitupu. Kwa hiyo Mihaja alitembea na gogo. Kilikuwa kipande cha mti mgumu, kirefu kama mkono hadi kwenye kiwiko, kimechongwa upande mmoja. Akisimama mlimani aliliacha gari kwenye gia, akalichukua gogo kando ya kiti, akaruka nje, akalisukuma nyuma ya gurudumu. Alifanya hivyo mara thelathini kwa siku, na mkono uliliokota gogo wenyewe, bila kumwuliza.

Alhamisi moja alikuwa anapandisha kilima cha Faravohitra, kwenye barabara ya mawe iliyo nyembamba. Nyuma alikaa bibi mmoja aitwaye Razanany, amempakata bata bukini. Juu kukatokea gari la kusambaza mtindi, likiteremka. Magari mawili hayapishani pale. Mihaja alijua kwamba anayeteremka ndiye anayempisha anayepanda. Dereva wa mtindi, kijana aitwaye Tojo, huenda alijua pia, lakini alikuwa amechelewa. Alipiga honi mara mbili, akatoa kichwa dirishani.

"Rudisha nyuma huo mkokoteni wako, mzee."

Mihaja angeweza kuvumilia kuitwa mzee. Lakini mkokoteni? Alizima gari, akasahau kuliacha kwenye gia. Mkono ukaokota gogo kama kawaida yake. Akaruka nje. Ila safari hii hakwenda kwenye gurudumu. Alikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la Tojo, akimtukana mpaka ukoo wake.

"Shuka," alisema. "Shuka nikuonyeshe mkokoteni." Na gogo likapanda juu.

Tojo hakushuka. Alikuwa anatazama nyuma ya Mihaja, macho yamemtoka. Mihaja aligeuka. Teksi yake ilikuwa inaondoka kinyumenyume, polepole, na bibi Razanany ndani yake akiwa ametulia, akidhani safari imeendelea.

Mihaja alikimbia. Watu walikuwa wamejaa pande zote mbili, na ilimbidi apite mbele yao. Basi alikimbia ameinama, mkono mmoja ameunyoosha, mkono mwingine umeshika gogo, akisema samahani, samahani, niwieni radhi, mpaka chini. Gari lilijipumzisha kwenye rundo la mafagio ya muuzaji mmoja. Bibi hakuumia. Bata bukini alipiga kelele mpaka polisi akafika.

Polisi aliandika majina. Akachukua leseni ya Mihaja, akachukua na gogo, akalitia kwenye mfuko wa plastiki. Mihaja aliuliza gogo linakwenda wapi.

"Linakwenda mahakamani," alisema polisi. "Na wewe utalifuata."

Kufikia jioni mji mzima ulikuwa umeshaona. Mtu fulani alirekodi kutoka dirishani, na kila simu ilimwonyesha Mihaja ameinua gogo juu ya kichwa cha kijana. Kipande cha kuomba radhi kilikuwamo pia, na hicho ndicho watu walikirudia. Sokoni wauza mboga walimpisha njia, wakiinama na kunyoosha mkono.

Mihaja hakucheka. Barua ya wito ilitaja makosa mawili, kumtishia mtu kwa silaha na kumtolea maneno mabaya hadharani. Hakimu angeweza kumfunga. Angeweza pia kumnyang'anya leseni kabisa. Mihaja alikuwa na miaka arobaini na tisa na hakujua kazi nyingine. Usiku hakulala vizuri, na mchana aliliosha gari ambalo haendeshi.

Voahangy alikwenda kumwita Bi Bakoly, jirani wa ghorofa ya chini, aliyekuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini. Bi Bakoly alikuja na miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kumtazamia mtu. Alisoma barua, akabadili miwani.

"Haya, mwanangu. Utamwambia nini hakimu?"

Mihaja alikuwa amejiandaa. Alisema yule ndiye aliyeanza. Yule ndiye aliyetakiwa kupisha. Yule ndiye aliyemtukania gari.

"Yote kweli," alisema Bi Bakoly. "Hakimu ataandika kwamba Tojo hana adabu. Halafu atarudi kwako. Kosa lake halifuti lako. Angekupigia honi mia, ukikaa ndani ya gari lako bado huna kesi. Kesi yako ilianza ulipofungua mlango."

"Lakini ile si silaha, mama. Ni gogo la gurudumu. Nililishika kwa mazoea tu."

Bi Bakoly alimwomba Voahangy mwiko mkubwa wa wali. Akampa Mihaja, akamwambia auinue juu ya kichwa, amsogelee mkewe, na amwombe maji ya kunywa kwa upole wote alionao. Mihaja aliinua mwiko. Akasogea. Akasema kwa sauti tamu, "Mke wangu, naomba maji." Voahangy alirudi nyuma mpaka akagonga kabati.

"Umeona?" alisema Bi Bakoly. "Na huyo anakupenda. Sheria haiulizi kitu kilitengenezwa kwa kazi gani. Inauliza kilikuwa kinafanya nini wakati ule. Mwiko, spana, chupa, gogo, chochote ukimwinulia mtu ni silaha."

Mihaja akasema labda akane kabisa. Video ilikuwa na ukungu. Na akieleza ukweli wa gogo, hakimu atajua gari halina breki ya mkono, na hilo nalo ni kosa. Hapo atakuwa amejiongezea la tatu kwa mdomo wake mwenyewe.

"Ndiyo, utajiongezea," alisema Bi Bakoly. "Lakini ukikana na video ipo, hatakuamini hata ukisema jina lako. Sema kweli. Tena kweli yote. Mkono uliokota gogo kwa mazoea, sawa, nakubali. Nani aliliinua?"

Mihaja alimrudishia mkewe mwiko.

Kabla ya kuondoka, Bi Bakoly alimweleza kile ambacho angepaswa kukifanya siku ile, na alieleza kama mtu anayempa mwenzake dawa. Mtu akikutukana barabarani, pandisha kioo na mikono ibaki kwenye usukani. Mpishe, hata kama haki ni yako, maana haki ya njia haiumi ukiiacha. Akikufuata, usiende nyumbani akapajua, nenda penye watu au kituo cha polisi. Shika namba ya gari lake, ukashtaki kama kuna la kushtaki. Na likishatokea la kutokea, usikimbie, usimfuate mtu kwake ukiwa na hasira. Ngoja moto uzime, halafu nenda na watu wazima ukaombe msamaha.

Jumapili walikwenda wote watatu nyumbani kwa Tojo. Mihaja alivaa koti la harusi yake. Alisimama, akaanza hotuba kama mila inavyotaka. Aliomba radhi kwa kusimama. Akaomba radhi kwa kusema mbele ya wakubwa. Akaomba radhi kwa wadogo ambao huenda wamechoka, na kwa mababu ambao huenda wamelala. Robo saa ilipita. Mama yake Tojo alikuwa anatikisa kichwa kwa raha, maana hotuba ilikuwa nzuri. Bi Bakoly akamvuta Mihaja koti.

"Bado gogo," alimnong'oneza.

Mihaja alikohoa. Maneno yote mazuri yalimwisha hapo. "Kijana wangu," alisema, "nilikuinulia mti. Nilikosea. Nisamehe."

Tojo alitazama sakafu. Alisema yeye pia hakupaswa kutaja mkokoteni, na kwamba alipaswa kupisha. Kisha akasema jambo ambalo Mihaja hakulitegemea. Tangu siku ile, mteja akigonga kioo cha gari, mikono yake inatetemeka. Juzi aliangusha kreti mbili za mtindi kwa sababu mzee mmoja alitaka tu kumwuliza njia.

Mihaja aliona aibu, aibu ya kweli, si ile ya sokoni. Siku zote alidhani maneno ya barabarani yanabaki barabarani.

Wakati wa kurudi alimwuliza Bi Bakoly kama basi kesi imekwisha. Bi Bakoly alisema hapana. Tojo amesamehe yake, lakini kutishia mtu ni kosa mbele ya serikali, na serikali haikunywa chai pamoja nao. Ila hakimu atasikia kwamba walikutana, na hakimu pia ni mtu.

Siku ya kesi, gogo lilikuwa juu ya meza, na karatasi yenye namba imefungwa shingoni. Mihaja alilitazama kama mtu anayemwona ndugu yake kwenye kizimba. Hakimu alikuwa mwanamke mwenye sauti ndogo. Aliuliza kama kitu hiki ni chake.

"Ni langu, mheshimiwa."

"La kazi gani?"

Hapo ndipo palipokuwa na njia mbili. Mihaja alimtazama Bi Bakoly, aliyekuwa amevaa miwani ya kumtazamia mtu.

"La kuzuia gurudumu, mheshimiwa. Gari langu halina breki ya mkono. Miaka sita sasa."

Hakimu aliinua kalamu. "Unasafirisha abiria kwenye vilima hivi, bila breki ya mkono?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"La breki hukuulizwa, na umelisema." Aliandika. "Kwa hiyo ulilishika kwa ajili ya gurudumu, si kwa ajili ya huyu kijana?"

Mlango ulikuwa wazi. Angesema ndiyo, angepita. Mihaja alimwona Tojo kwenye benchi, mikono ameiweka katikati ya magoti.

"Kulishika, nililishika kwa ajili ya gurudumu," alisema. "Lakini nilipofika dirishani nikaona anavyolitazama. Nikaona anaogopa. Nikafurahi, mheshimiwa. Ndipo nikaliinua. Hapo halikuwa la gurudumu tena."

Karani wa hakimu aliacha kuchapa.

Hakimu alisema kosa la kutishia limethibitika, kwa kinywa cha mwenyewe. Alimhukumu kifungo cha nje, na akaeleza maana yake kwa maneno rahisi: Mihaja atalala kwake, lakini akirudia kosa kama hilo, adhabu hii itamfuata pamoja na mpya. Kwa maneno mabaya na kwa breki atalipa faini. Mafagio yaliyovunjika atayalipa. Leseni itakaa mahakamani miezi miwili, kisha atarudishiwa, kwa sharti kwamba fundi athibitishe breki ya mkono inafanya kazi. Alisema angemnyima kabisa kama asingekwenda kuomba msamaha, na kama asingesema lile la mwisho.

Mihaja alimshukuru. Alipokuwa anatoka alipita mbele ya Tojo, akainama, akanyoosha mkono, akaomba radhi. Hakuna aliyecheka, isipokuwa karani kidogo.

Miezi miwili ilikuwa mirefu. Mihaja alibeba magunia ya mchele sokoni, na mgongo ulimfundisha mambo mengi. Fundi aliweka breki mpya, nayo ikawa inalia krrr ikivutwa. Voahangy alikuwa abiria wa kwanza kuijaribu. Alikwenda na kurudi, akasema dereva anafanana na mume wake.

Wiki ya kwanza kazini, mahali palepale Faravohitra, bibi Razanany alikuwa amekaa nyuma na bata bukini wake. Juu likatokea lori dogo la matofali, linateremka. Halikupisha. Dereva wake alitoa kichwa, akamwita Mihaja konokono, akaongeza na jina la mnyama mwingine.

Mkono wa Mihaja ulikwenda kando ya kiti, kwa mazoea. Haukukuta gogo, ulikuta breki. Akaivuta, krrr. Akapandisha kioo. Akaweka mikono miwili kwenye usukani na kuvuta pumzi. Masikio yalikuwa yamemwiva. Kisha akaachia breki, akatia gia ya kurudi nyuma, akateremka taratibu mpaka penye upana, akamwashiria yule wa matofali apite. Tena akamwinamia kidogo, kwa mbali.

Lori lilipita. Barabara ikawa wazi. Mihaja alipotazama kwenye kioo, bibi Razanany alikuwa amemkumbatia bata wake kwa nguvu, amefumba macho.

"Vipi, bibi?"

Bibi alifumbua jicho moja. "Tumeshafika kwenye mafagio?"

"Hapana, bibi. Leo tunapanda."

Bibi alimlegeza bata. Akasema mbona basi hajaambiwa mapema, amejiandaa bure.